Mbwa Naye Hubishiwa Hodi

Mtoto wa Arusha hufundishwa mambo mawili kuhusu mbwa asiyemjua, na yote huyapata kabla hajaanza darasa la kwanza. La kwanza ni kuokota jiwe. La pili ni kutoonyesha woga. Mgeni anayeshukia mjini kwetu akielekea mbugani huja na la tatu, alilofundishwa kwao: chuchumaa, nyosha mkono, mwite kwa sauti laini, mpapase kichwani. Ukiyatazama kwa juu utaona yanapingana, maana moja ni la vita na jingine ni la mapenzi. Lakini yote matatu yana kasoro ileile. Yanamfanya binadamu awe mwamuzi pekee wa jinsi wawili hao watakavyokutana, na mbwa anaachiwa kupokea tu. Mimi nasema kinyume chake. Aliye salama mbele ya mbwa asiyemjua ni yule anayemwachia mbwa uamuzi, awe anataka kumgusa au anataka tu kupita aende zake kazini. Nitaeleza kwa nini, kisha nitawajibu wanaoweza kunipinga, kwa sababu hoja zao nyingine ni nzito.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Mbwa unayemkuta Sombetini, Kijenge au Moshono akichakura jalalani, ukamwita mbwa koko, mara nyingi ana kwao. Tafiti zilizofanywa kaskazini mwa Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wasio na mwenyewe kabisa ni wachache. Wengi wana kaya zao, ila hawafungwi. Na katika kaya hizo mbwa yupo kwa kazi. Njiro na Sakina analinda geti dhidi ya vibaka. Kwenye migomba na kahawa za Nkoaranga, Poli na Akheri anabweka mtu akikatiza njia nyembamba ya shambani. Juu kule Ngare Nanyuki na Oldonyo Sambu anakaa na mbuzi na kuamsha boma fisi akinyemelea. Wengine hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili wawe wakali. Mbwa wa namna hii analishwa kwa sababu anamshuku mgeni. Kumwendea ukitarajia apokee mkono wako kwa furaha ni kumtaka afanye kinyume cha kazi aliyopewa.

Kuna jambo jingine linalotangulia kazi hiyo, nalo ni malezi. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha matokeo ya miaka mingi ya kuwafuatilia mbwa tangu kuzaliwa. Walionyesha kwamba kipo kipindi kifupi utotoni, kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi, ambacho mbwa hujifunza ni viumbe gani wa kuzoeana nao. Anayekutana na watu wengi wa namna nyingi katika wiki hizo hukua akiwaona watu kuwa wa kawaida. Asiyekutana nao hukua akiwaogopa, na woga huo ni mgumu kuutoa baadaye. Sasa jiulize mtoto wa mbwa aliyezaliwa Muriet au Ngaramtoni anakutana na nani katika wiki hizo tisa. Anakutana na watu wa kaya moja, na watoto wa jirani ambao mara nyingi wamebeba fimbo. Akikua, mkono wa mtu asiyemjua unaomjia usoni haumwambii habari njema hata kidogo.

Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na somo la mgeni, lile la kuchuchumaa na kunyosha mkono. Huko lilikotungwa lina mantiki yake: mtu akijishusha haonekani mkubwa, na mbwa anapungukiwa na hofu. Kwetu kuinama kuna maana nyingine, na mbwa anaijua maana hiyo vizuri kuliko wengi wetu. Mtu akiinama barabarani mbele ya mbwa, anaokota jiwe. Ndiyo maana mbwa wengi wa mtaani hutimka mtu akiinama tu, hata kama pale chini hapana jiwe lolote. Mbwa mwenye pa kukimbilia atakimbia. Aliyebanwa kwenye kona ya ukuta, au aliyefungwa mnyororo, au aliyelala na watoto wake, hana pa kukimbilia, na huyo atajitetea. Tena anayechuchumaa ameuleta uso wake karibu na meno. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mbwa wa sebuleni huko Ulaya hauwezi kuletwa Unga Limited bila kufanyiwa marekebisho.

Utaratibu unaofaa tayari tunao katika desturi zetu. Mtu hafiki nyumbani kwa mwenzake akajiingilia. Anasimama nje, anabisha hodi, anangoja. Akiitikiwa, anakaribia. Hodi ya tatu isipoitikiwa, anaondoka bila kununa. Mbwa naye abishiwe hodi kwa namna hiyohiyo. Ikiwa mwenyewe yupo, hodi huanza kwake: muulize kama mbwa wake anapenda kuguswa na watu, na akisita, jibu umelipata. Kisha simama hatua kadhaa mbali, umpe mbwa ubavu badala ya kifua, mikono ikining'inia usawa wa mapaja, macho yakitazama chini au pembeni, maana kumkazia mbwa macho ni kumtishia. Usimpelekee mkono puani. Pua yake inakusoma vizuri ukiwa palepale uliposimama. Ongea kwa sauti ya kawaida, ngoja. Mbwa akija mwenyewe, mwili ukiwa umelegea, akinusa na kubaki karibu nawe, ameitikia. Hapo mguse kifuani au begani, upande anaouona yeye, si juu ya kichwa anakoona mkono ukimshukia. Mkune kwa sekunde tatu hivi, kisha ondoa mkono. Hatua hii ya kuondoa mkono ndiyo wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayompa mbwa nafasi ya kusema tena. Akijisogeza na kukuegemea, endelea. Akigeuza kichwa, akilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, akajikaza, au akaonyesha weupe wa jicho kwa pembeni, amesema basi. Akinguruma amesema kwa sauti. Wapo wanaompiga mbwa kwa kunguruma. Wanamfundisha kung'ata bila kutoa taarifa.

Utasikia watu wakisema mbwa akitikisa mkia ni rafiki. Si hivyo kila mara. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Angelo Quaranta wa Chuo Kikuu cha Bari na wenzake, walipima jinsi mbwa 30 walivyotikisa mkia. Mbwa hao walipomwona mwenyewe, mkia ulielemea zaidi upande wao wa kulia. Walipoonyeshwa mbwa mgeni mwenye ubabe, ulielemea kushoto. Simtaki msikilizaji asimame njiani kupima nyuzi za mkia. Ninachotaka akione ni kwamba mkia huonyesha msisimko, na msisimko unaweza kuwa wa furaha au wa shari. Mkia uliosimama wima, mgumu, ukitikisika haraka na kwa ufupi, huku manyoya ya mgongoni yamesimama, si salamu. Utazame mwili wote. Na wapo mbwa wasiofaa kubishiwa hodi kabisa: anayekula, aliyelala, mwenye watoto, aliyefungwa mnyororo, aliye nyuma ya geti, na yule wa mfugaji akiwa na mifugo.

Sasa niwageukie wanaonipinga. Wa kwanza atasema: haya yote ni kujisumbua, mbwa hunusa woga, mtu asiogope tu. Sehemu ya kauli hiyo ni kweli, na kweli yake ndiyo inayoibomoa. Mwaka 2018 Biagio D'Aniello na wenzake wa Naples walichapisha utafiti ambamo mbwa walinusishwa jasho la watu waliokuwa wameogopa, na jingine la watu waliokuwa na furaha. Walionusa jasho la woga walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi. Ikiwa ni hivyo, kumwambia mtu afiche woga wake ni kumpa kazi isiyowezekana, kwa sababu jasho halitii amri. Miguu ndiyo inayotii. Mtu anaweza kuogopa mpaka moyo ukamwenda mbio, na bado akasimama. Mama anayetoka Ilboru alfajiri na beseni lake kuelekea Soko la Kilombero, wakati mbwa wa usiku hawajarudishwa bandani, hana haja ya ujasiri. Anahitaji kujua kwamba akikimbia atafukuzwa, kwa sababu kitu kinachokimbia huamsha kwa mbwa hamu ya kukifukuza, na hakuna binadamu anayemshinda mbwa kwa mbio. Asimame, akunje mikono kifuani, atazame chini, anyamaze. Mbwa wengi watanusa na kuchoka. Kisha aondoke polepole, bila kugeuza mgongo ghafla, na beseni likiwa kati yake na mbwa. Wakimbiaji wanaofanya mazoezi kwenye barabara za Ngaramtoni na wao waache kukimbia watembee mpaka wapite eneo la mbwa huyo. Aliyeangushwa ajikunje kama ngumi, mikono ikifunika shingo na masikio.

Wa pili atasema jiwe linafanya kazi. Ni kweli, linafanya kazi, na sitamlaumu mtu aliyezungukwa na mbwa watatu gizani akainama chini. Lakini tazama linachokifanya. Linamwondoa mbwa dakika ile na kumrudisha kesho akiwa na sababu mpya ya kumchukia mtu anayepita. Anayelipia si aliyerusha, ni mtoto anayefuata kwenye njia ileile akiwa na begi la shule. Mtaa unaorusha mawe unajitengenezea mbwa wakali wake wenyewe, mwaka hadi mwaka, kisha unatumia ukali huo kama ushahidi kwamba mawe yanahitajika. Wengine huenda mbali zaidi, wakataka mbwa wauawe waishe. Hilo limejaribiwa. Kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kilipoingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa wingi sana, na ugonjwa ukabaki. Pemba walichanja mbwa wao. Ugonjwa ulikatika mwaka 2014, ukaingizwa tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 ukawa umekatika mara ya pili.

Nimeutaja ugonjwa huo, na hapa ndipo anaponisubiri mpinzani wa tatu, ambaye namheshimu kuliko wote. Yeye anauliza: kwa nini umguse kabisa mbwa usiyemjua, katika nchi yenye kichaa cha mbwa? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huupata kutoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia kama vifo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona hakupo kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Na kuna jambo gumu zaidi: virusi vinaweza kuwamo katika mate ya mbwa siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote. Mbwa huyo anaweza kuwa mpole, akaja mwenyewe, akaitikia hodi yako kwa kila namna niliyoieleza. Hapa nakubali bila kuzunguka: kusoma mwili wa mbwa kunakukinga na jino la mbwa mwenye hofu, hakukukingi na virusi vilivyomo kwa mbwa mpole.

Nikishakubali hilo, sioni kwamba hoja yangu imeanguka. Imepata mpaka wake. Katika mkoa wetu jibu la kawaida kwa mbwa asiye na mwenyewe karibu liwe kumwacha, na asiguswe mpaka mwenye mbwa apatikane na aulizwe kuhusu chanjo. Hilo nalo ni kumwachia mbwa nafasi yake. Mbwa aliyebadilika ghafla ndiye wa kuepukwa zaidi: mkali wa jana aliye mlegevu leo, anayetembea akipepesuka, anayedondosha mate, aliyebadilika sauti, anayeng'ata vijiti na mawe, au aliyetoka mbali akipita mtaani bila kumjali yeyote. Kwa huyo hakuna hodi. Ondoka, waonye majirani, mpelekee taarifa mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata. Na wageni wanaokuja kujitolea, wenye huruma ya kumbeba mtoto wa mbwa waliyemkuta mtaroni, nawasihi kwa dhati: mtoto wa mbwa naye hubeba virusi, na meno yake madogo huacha jeraha dogo ambalo mtu hulipuuza.

Aliyeng'atwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika hizo si za kujifariji. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimefunikwa kwa tabaka la mafuta, na sabuni hulivunja tabaka hilo. Asipake ugoro, mafuta ya taa wala majani. Kisha siku hiyohiyo aende kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru, aeleze alivyong'atwa, aanze chanjo na aimalize yote hata kidonda kikipona, kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida huchukua wiki hadi miezi kabla ya kujitokeza. Mbwa mwenyewe, kama anafahamika na ni mzima, asiuawe kwa hasira. Akichunguzwa kwa siku 10 akabaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku alipong'ata. Aliyeng'atwa lakini asingoje siku hizo ziishe ndipo aende hospitali.

Yupo pia msikilizaji anayesema dini yake inamtaka aepuke mate ya mbwa, hivyo mazungumzo haya hayamhusu. Yanamhusu, tena kwa faida yake. Hakuna nililolisema linalomlazimisha kugusa mbwa. Anayewahi swala ya alfajiri Ngarenaro au Levolosi, akisimama kimya mbwa apite, ana nafasi kubwa zaidi ya kufika msikitini nguo zake zikiwa safi kuliko akikimbia na kudakwa kanzu.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wanne kati ya kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, hivyo jino linampata usoni na kichwani, na jeraha la kichwani liko karibu na ubongo ambako virusi vinaelekea. Mtoto hukimbia akipiga kelele, hukumbatia shingo ya mbwa, hunyang'anya mfupa, na mara nyingi huficha jeraha akiogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa wa jirani. Hili la mwisho linaniumiza kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto anaweza kufa kwa kumwogopa mzazi wake. Mzazi amwambie leo, kabla ya tukio lolote, kwamba akikwaruzwa na mbwa aseme saa ileile na hatachapwa. Mwalimu wa darasa la kwanza anahitaji dakika 10 tu za paredi kuwafundisha watoto kusimama kama mti na kujikunja wakianguka. Ni zoezi la mwili, na watoto hulikumbuka kwa kulifanya.

Sehemu iliyobaki ni ya mwenye mbwa. Katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, ambazo watafiti wamezifuatilia tangu miaka ya 1990 na 2000, mbwa mmoja mwenye kichaa humwambukiza kwa wastani mbwa mwingine mmoja au zaidi kidogo, kiwango kidogo kwa ugonjwa wa kutisha namna hii. Ndiyo maana kuchanja mbwa 70 katika kila 100 kunatosha kuukata, ilimradi kurudiwe, kwani mbwa wa zamani hufa haraka na wapya huzaliwa haraka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na Shirika la Afya Duniani na washirika wake wamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Chanjo ikitangazwa mtaani kwako, wapeleke mbwa wote, pamoja na wale watoto wa mbwa ambao watu hudhani hawajafikia umri. Waruhusu wageni unaowaamini wakae karibu nao wangali wachanga, mmoja mmoja, bila fimbo. Na kadi ya chanjo usiifungie kabatini. Iweke mahali ambapo jirani akiuliza kabla mwanawe hajamgusa mbwa wako, utaitoa mara moja umwonyeshe tarehe.